Barua Niliyomjibia Baba

Nianze na upumbavu wenyewe, ili msije mkakutana nao katikati mkaniona mnafiki. Nilimwingiza baba yangu katika kamati ya zahanati kwa mkono wangu mwenyewe na kwa wino wangu mwenyewe, naye akaweka dole gumba chini ya barua akidhani inasema kinyume chake. Hilo ndilo lililonistaafisha. Nina miaka kumi na sita na nimeshastaafu. Wenzangu wengine hungoja mvi.

Haya nawaandikia ninyi wadogo wa darasa la nne na la tano mnaogombania nafasi yangu ya kusoma na kuandika barua za kijiji. Nasikia mmekwisha kuanza kushindana kwa miandiko ya mkaa kwenye ukuta wa ghala la pamba. Vizuri. Ila kumbukeni kwamba mkaa unafutika.

Kazi niliianza nikiwa darasa la tatu. Kabla yangu barua zote zilikuwa za Mzee Luhende, ambaye alijifunza kuandika jeshini, katika vita vya Wazungu, akarudi na suruali moja na kikohozi. Kwao ni Kalemela, kando ya ziwa. Alioa kwetu, na mpaka leo anatuhesabu kuwa watu tusiojua samaki ni nini. Macho yake yalipoanza kuingia ukungu alikuja shuleni, akasimama kwenye mlango wa darasa letu, akamwambia mwalimu anataka mtoto mmoja asiyeogopa watu. Mwalimu akanitoa mimi haraka sana. Nadhani alikuwa ameshachoka nami.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa barua ya Bibi Kabula. Mwanawe wa pekee alikuwa amekwenda kufanya kazi migodini. Bibi alifika nyumbani kwa Mzee Luhende na kibuyu cha maziwa, ujira wangu, akanipa bahasha akiwa bado amesimama. Mimi nikaipasua na kuisoma kama tulivyozoea kusoma darasani, kwa sauti kubwa, bila kituo, nikitaka Mzee asikie jinsi ninavyojua. Nikasoma kwamba wakubwa wa mgodi wanasikitika kumwarifu kuwa mwanawe amefariki, nikaendelea mpaka kwenye sahihi, kisha nikainua uso nisifiwe.

Bibi Kabula hakulia. Aliniomba nirudie polepole, kwa sababu, alisema, nilikuwa nasoma kama mtu anayefukuza mbuzi. Ni mara ya pili ndipo nilipoelewa ninachokisoma. Tangu siku hiyo naziogopa bahasha, na atakayewaambia kwamba haziogopi, huyo msimpe barua.

Mzee Luhende hakunipiga. Alinikalisha akaniambia kwamba kwanza mtu aketi, ndipo bahasha ifunguliwe. Uisome yote kimya mpaka mwisho, ujue ulichobeba. Halafu akasema neno ambalo nililisahau siku ambayo sikupaswa kulisahau:

"Barua ni mzigo wa mtu, Maduhu. Wewe ni punda tu. Punda hali mzigo."

Vifaa si vingi. Kalamu ya mti ya kuchovya, na nibu mbili: moja ya kuwaandikia watu, nyingine, ile isiyochafua, ya kuiandikia serikali. Wino wa unga mtaukoroga wenyewe. Ukizidisha maji, barua ya mahari itaonekana imeandikwa na mtu anayelia. Karatasi ya kukaushia iko shuleni tu, kwa hiyo tumieni majivu laini, myapulize, na msiyapulize kuelekea kwa mzee. Kwa asiyejua kuandika sahihi, mshikeni dole wenyewe na kulibiringisha taratibu. Mkimwachia atalibonyeza kama anaua kupe, na huko Bariadi, kwenye ofisi za serikali, watapokea doa.

Kesi ngumu zitakuja. Yuko mtu mmoja aliyetaka niwaandikie wakwe zake kwamba ng'ombe anayewapelekea ana mimba, na mimi nilikuwa nimemwona yule ng'ombe, tumbo lote lile ni majani ya karanga. Nilikataa. Akanitisha, nikaogopa, nikaandika kwamba ng'ombe ameshiba. Wakwe wakamsifu kwa ukweli wake na yeye hajui sababu hadi leo. Ujira ulikuwa michembe, yaani viazi vilivyokaushwa, karanga, na mara moja kuku, ambaye kesho yake alirudi kwa mwenyewe kwa miguu yake.

Miaka mitano ilikwenda hivyo. Nilipofika shule ya kati nilikuwa najiona bwana mkubwa. Nilikuwa najua siri za nyumba nyingi, na nilianza kupenda sauti yangu zaidi ya barua zenyewe. Hapo ndipo, nikiwa nyumbani likizo, ilipofika barua ya baba.

Ilikuja mvua za kwanza zilipoanza, katika mfuko wa mwalimu, na jina la baba limepigwa taipu: Bwana Sita Masanja. Kwetu barua ya taipu ilikuwa na kazi mbili, kudai kodi au kuita mtu barazani. Baba alikaa kabla sijamwambia akae. Mayu, ndivyo tunavyomwita mama, alikuwa anachambua mlenda karibu na mlango na hakuinua kichwa.

Nikaisoma kimya kwanza. Halikuwa jambo la kodi. Chama cha watu wa kujitolea huko Bariadi kilitaka kujenga zahanati upande wetu, na walikuwa wanatafuta watu saba wa kamati ya kuisimamia: kutafuta kiwanja, kukusanya watu wa kufyatua matofali, na baadaye kujibu kila swali litakalohusu mlango ule. Hakuna mshahara wala posho. Walimtaka baba kwa sababu watu wanamsikiliza. Na kiwanja walichokiona kinafaa kilikuwa pembe ya ngitili ya kijiji, ile inayogusa barabara.

Hapo nikajikwaa. Ngitili ni yale majani tunayoyafunga wakati wa mvua, ng'ombe asiyaguse hata mmoja, ili jua likija kuunguza kila kitu tuwe na pa kuwalishia. Ile ya kijiji mlinzi wake ni baba. Aliwahi kuwatoa humo ng'ombe wa ndugu yake wa tumbo moja, mchana, watu wakiangalia. Wao Bariadi walimtaka mlinzi huyohuyo asimame aseme pembe ikatwe.

Baba alinifanya niisome mara tatu siku ile, na mara mbili kesho yake. Aliuliza maswali kama vile mimi ndiye niliyeiandika. Dawa zikiisha, watu watamlilia nani? Hao sita wengine ni akina nani, na wana ng'ombe? Mtu akifia mlangoni pa zahanati, atakuwa amefia mikononi mwa nani? Nikamjibu kwamba barua haisemi. Akauliza kuhusu kutoka: mtu akichoka anaachaje? Nikaangalia tena. Barua haikusema.

"Inajua jina langu mpaka la baba yangu," akasema, "na haijui nitatokaje."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Siku ya tatu habari ilikuwa imeshaenea, na sikuisambaza mimi, nawaapia; mwalimu alikuwa na mke. Mzee mmoja alipita akielekea shambani, akasimama kwenye uzio wetu wa minyaa, akamsalimu baba vizuri, kisha akasema kwa upole kwamba watu wanaongea, na kwamba atakayeitoa ngitili ajiandae kukaa peke yake. Halafu akaaga, tena vizuri.

Ninyi wadogo hamkumwona Mzee Jidayi, kwa hiyo niwaambie. Yeye hakutoka siku moja mwano ulipopigwa, yowe la kufukuza wezi wa ng'ombe, ambalo kila mwanamume huliitikia na upinde wake. Wakamtenga. Hakuna aliyempa moto, hakuna aliyepalilia naye, hakuna aliyemwitikia salamu. Kisha mtoto wake akafa. Nilikuwa mdogo, nimejificha kwenye mtama, nikamwona anachimba kaburi peke yake. Kwetu kaburi huchimbwa na majembe mengi, yanapokezana, na watu wanaongea. Pale lilisikika jembe moja. Linachimba, linanyamaza mtu apumue, linachimba tena. Alipomaliza, mkewe alishika ngozi aliyofungiwa mtoto upande wa miguu, yeye upande wa kichwa.

Baba naye alikuwa analikumbuka jembe lile. Nilijua kwa jinsi alivyokuwa anamwangalia mdogo wangu Limi akicheza.

Lakini kabla ya Limi alikuwapo mwingine. Mayu alipopata uchungu ukakataa kuisha, tulifunga ng'ombe wawili kwenye mkokoteni tukaanza safari ya hospitali, na mtoto yule alizaliwa njiani na kufia njiani, kabla hatujaona bati la kwanza la Bariadi. Hatukuwa tukimtaja. Jioni ya siku ya tatu baba alimgeukia mayu akamwambia, nawe umeisikia barua. Mayu akasema ameisikia. Halafu akaongeza kwamba yeye ile barabara anaijua. Akaendelea na mlenda wake.

Asubuhi baba aliniita na kalamu.

"Andika hivi," akasema. "Mimi naogopa. Si uvivu, si dharau. Naogopa. Tafuteni mwingine."

Mzee mzima, mlinzi wa ngitili, anataka niandike kwa wino kwamba anaogopa. Nikaona aibu. Niliifikiria barua ile ikipita mkononi mwa mwalimu, kisha mkononi mwa mkewe, kisha mbele ya wale wavulana wa bwenini kwetu, ambao mimi ndiye huwatania kwa woga wao. Na nisidanganye, kulikuwa na utani pia. Nilikuwa nimekwisha kumwona baba kichwani mwangu, mjumbe wa kamati, anakaa kwenye kiti chenye mgongo na kubanwa na viatu.

Nikaandika: Nimeipokea barua yenu kwa furaha kuu na nimekubali kwa moyo mkunjufu. Mimi mtumishi wenu mtiifu. Mwisho huo tulifundishwa na mwalimu na nilikuwa sijawahi kupata mahali pa kuuweka.

Kisha nikamsomea baba: naogopa, si uvivu, si dharau, tafuteni mwingine. Akaitikia kwa kichwa. Nikalishika dole lake, nikalibiringisha taratibu, likatoka safi kuliko yote niliyowahi kuchukua.

Punda alikuwa amekula mzigo. Nilidhani Bariadi hawatajibu. Ofisi huwa hazijibu. Hizi, kwa bahati mbaya yangu, zilijibu.

Jumapili ya pili alikuja tarishi kwa baiskeli, akaenda moja kwa moja kwa mwanangwa, ndiye mkuu wa kijiji chetu, na watu wakaitwa kwenye uwanja wa boma lake. Tarishi akafungua karatasi na kusoma majina saba. La baba lilikuwa la nne. Akasoma na maneno ya jibu lake pia, kwamba huyu amekubali kwa furaha kuu na moyo mkunjufu, na kwamba chama kimefarijika.

Ng'ombe ndani ya zizi walisikika wakicheua. Baba aligeuza kichwa akanitafuta katikati ya watu, akanipata, akaniangalia kwa muda unaotosha mtu kufunga kamba za viatu viwili. Alijua. Nilingoja aseme, mwanangu ndiye aliyeandika uongo huu. Angesema hivyo yangekuwa yamekwisha kwake na kuanza kwangu: baraza, viboko, na shule ya kati ningeisikia kwa wengine. Baba akamwomba mwanangwa ampe nafasi mpaka Jumapili ijayo. Basi.

Wiki ile sitaki kuirudia, ila ninyi lazima muijue. Jumatatu mvua ilinyesha kwa upepo ikaingia jikoni, moto wetu ukazimika. Mayu akampa Limi kigae akalete kaa kwa mama Kulwa, jirani yetu, ambaye watoto wake mapacha wamelelewa nusu nyumbani kwetu. Limi alirudi na kigae kitupu. Alisema mama Kulwa amesema moto wake umezimika. Tulikuwa tumesimama mlangoni wote, na kutoka pale moshi ulionekana unapenya kwenye paa la mama Kulwa, mwingi, wa mtu anayepika vizuri.

Kiberiti kipo dukani, najua mtasema. Tulinunua. Lakini kiberiti hakikuulizi umeamkaje.

Jumanne nilipokuwa napita kwenda kisimani nilimwambia mzee mmoja "mwangaluka", salamu ya asubuhi, akaangalia juu kama aliyesikia ndege. Jumatano wapaliliaji wa zamu walipita shamba letu, wakaingia la pili yake. Na kila siku baba aliamka, akachunga, akala, akalala, bila kuniuliza neno. Ningetaka anipige. Kila akinyanyuka kwenye kigoda nilikuwa najikunja, na yeye alikuwa anakwenda tu kunywa maji. Nilianza kumhesabu Limi akikohoa. Nilisikia jembe moja kila mahali, hata lilipokuwa ni mlango unagonga.

Alhamisi nilikwenda kwa Mzee Luhende nikamwambia yote. Alinisikiliza amefumba yale macho yake mabovu. Nilitegemea anipe ujanja wa jeshini. Akaniuliza kama maneno ya baba, yale ya kweli, bado ninayo. Nikasema ninayo yote.

"Barua iliyosomwa vibaya ina dawa moja," akasema. "Isomwe tena."

Nikamwambia naogopa. Akasema basi nimefanana na baba yangu, na kwamba hiyo haikuwa habari mbaya hata kidogo.

Jumapili uwanja ulijaa kuliko mara ya kwanza. Hata wanawake walikuja, wakasimama upande wa uzio, mayu akiwa peke yake na nafasi pande zote mbili. Mwanangwa akamwuliza baba kama neno lake ni lile lililosomwa. Baba akavuta pumzi ajibu, na mimi nikasimama kabla yake. Sauti iliyotoka haikuwa ile niliyokuwa naipenda. Nikasema barua ile ni yangu. Nikasema baba alinituma niandike neno jingine, na kwamba neno lenyewe, kama alivyolisema, ni hili. Nikalisema: mimi naogopa, si uvivu, si dharau, naogopa, tafuteni mwingine. Sikutia changu hata kimoja.

Baadhi ya watu walicheka kidogo, wakaacha. Mwanangwa aliniangalia akasema kwamba kumwekea mtu dole kwenye uongo ni jambo la kupelekwa mbele, na kwamba shule pia lazima ielezwe ni mtoto wa namna gani inamlisha. Nilihisi mkojo. Nawaambia ninyi mjue, kazi hii ina siku kama hizo.

Baba akasimama. Alinishika bega, si kwa upole na si kwa ukali, kama mtu anavyoshika nguzo.

"Mtoto sasa amesoma sawasawa," akasema. "Niliogopa, na hapa niliposimama naogopa. Lakini dole ni langu. Ngitili ya wote siitoi, hata jani moja. Nyuma ya boma langu ninayo ngitili yangu, na yenyewe inafika barabarani. Zahanati ikae hapo. Sasa atakayenitenga, anitenge kwa nyasi zangu, si kwa zake."

Ile ngitili ya nyuma ya boma ndiyo iliyokuwa inawavusha ng'ombe wetu mwezi wa tisa na wa kumi. Kila mtu pale alijua. Nilimwangalia mayu. Hakuwa akimwangalia baba. Alikuwa ameelekeza macho barabarani, upande wa Bariadi.

Tarishi aliandika. Mwanangwa alisema amesikia, na kuhusu mimi hakurudia neno, wala hakusema amelifuta. Hakuna aliyepiga kigelegele. Watu walitawanyika kwa makundi yao na sisi tukatembea wanne, mama Kulwa akiwa hatua ishirini mbele yetu, na njia nzima hakugeuka, ingawa hakuharakisha pia.

Tulipofika, baba alikwenda nyuma ya boma akasimama kwenye nyasi zake, zimemfika magotini. Mimi nilikaa kizingitini na mfuko wangu wa kalamu, nikingoja kipigo ambacho sasa nilikuwa nimeanza kukitamani. Mayu alitoka jikoni, akanisimamia mbele, akanyoosha mkono. Alisema hivi, na sijaongeza kitu:

"Lete hiyo kalamu, kazi ya barua umeimaliza. Kesho kukipambazuka chukua kigae uende kwa mama Kulwa ukaombe moto, umwambie ni wewe uliyeandika. Akisema umezimika, usirudi. Kaa mlangoni pake mpaka uwake."